Fosfataze imefia kwenye mfuko wa dayalisisi: nani kaiua?

SWALI

Habari za kazi, mwalimu. Natayarisha fosfataze ya alkali, kimeng'enya kinachokata fosfati, kutoka kwenye utumbo wa ndama ili baadaye niiunganishe na kingamwili za utafiti wetu. Nilikwangua utando wa ndani wa duodeni nikapata gramu 40, nikausaga kwenye mililita 160 za bafa ya Tris ya pH 7.4 yenye chumvi milimola 150 na kidonge cha vizuizi vya protiaze, yaani vimeng'enya vinavyokata protini. Nikazungusha kwenye sentrifuji nusu saa, mizunguko 12,000 kwa dakika, nikachukua kimiminika cha juu na mashapo nikayasukumia kwenye friza. Nikatuamisha kwa amoniamu salfeti, kipande cha asilimia 40 hadi 70, kisha dayalisisi (kuondoa chumvi kupitia mfuko wenye matundu madogo mno) ya usiku kucha kwenye PBS, bafa ya chumvi na fosfati, yenye EDTA milimola 1.

Hesabu zangu ndizo hizi. Rojo la mwanzo: yuniti 9,600 za utendaji, protini miligramu 3,200. Kimiminika cha juu: yuniti 2,100, miligramu 1,400. Baada ya amoniamu salfeti: yuniti 1,700, miligramu 520. Baada ya dayalisisi: yuniti 40, miligramu 500. Arobaini! Na kwenye jeli ya kutenganisha protini kwa ukubwa, mkanda wa karibu kilodaltoni 70 bado upo, mnene vilevile. Mwenzangu anasema protiaze za utumbo zimeing'ata fosfataze kidogo tu, kiasi cha kuiua bila kuimaliza. Je, niongeze vidonge vya vizuizi viwe viwili? Na mwishowe niihifadhi vipi? Nimezoea kugandisha kila kitu kwenye PBS.

JIBU

Ndugu yangu, kabla ya yote nikupongeze kwa jambo moja: umepima kila hatua. Wengi huniandikia wakiwa na namba ya mwisho peke yake, na hapo sina cha kuwaambia zaidi ya pole. Wewe umeleta namba nne, na namba nne hizo zinajieleza zenyewe.

Usiongeze kidonge. Tena hicho kimoja ulichotia, soma karatasi iliyokuja nacho. Vidonge hivi hutengenezwa kwa aina mbili, vyenye EDTA na visivyo nayo, na nina wasiwasi ulichukua vya kwanza. Ukiongeza cha pili utakuwa unamwongezea sumu mgonjwa aliyelishwa sumu.

Fosfataze ya alkali ni kimeng'enya cha metali. Kila mahali pake pa kazi panashikilia atomu mbili za zinki na moja ya magnesiamu, na zinki hizo si mapambo. Ndizo zinazoikamata fosfati na kuivunja kutoka kwenye molekuli iliyoibeba. EDTA kazi yake ni kukamata metali, na mapenzi yake kwa zinki ni makali mno, mara makumi ya mamilioni kuliko kwa magnesiamu. Kwenye rojo la mwanzo madhara hayakuonekana kwa sababu mbili. Tishu ina kalsiamu na magnesiamu yake ambayo iliishughulisha EDTA, na pia kuing'oa zinki iliyokaa ndani ya protini huchukua saa, si sekunde. Usiku kucha wa dayalisisi ni saa nyingi. Isitoshe, mfuko wa mililita chache uliokaa kwenye lita nzima ya bafa una EDTA mpya isiyokwisha, na kila zinki inayochomoka inasombwa nje isirudi tena.

Halafu bafa yenyewe ni PBS. Fosfati ndiyo zao la kazi ya kimeng'enya hiki, na zao likijaa hurudi kushindania nafasi ileile na kemikali unayotaka ikatwe. Kwa hiyo hata kama EDTA isingekuwapo, fosfati uliyoingiza kwenye kipimo pamoja na sampuli yako ingeshusha usomaji. Tofauti ni kwamba hiyo ya fosfati ni kizuizi cha kupita: ukiiondoa, utendaji unarudi. Ya EDTA inarudi kwa sehemu tu, na kadiri protini ilivyokaa muda mrefu bila zinki ndivyo inavyozidi kulegea umbo lake na kukataa kurudi.

Sasa mkanda wako wa kilodaltoni 70. Hapa nitakuvunja moyo kidogo. Fosfataze ya utumbo wa ndama iliyosafishwa vizuri hufikia maelfu ya yuniti kwa miligramu. Wewe ulikuwa na yuniti 1,700 ndani ya miligramu 520. Piga hesabu: fosfataze halisi humo haifiki hata miligramu moja. Kitu kilicho chini ya sehemu moja katika mia tano hakiwezi kuwa mkanda mnene kwenye jeli iliyopakwa rangi ya kawaida. Unachokiona hapo karibu hakika ni albumini ya damu, ambayo ina kilodaltoni 66 na hupenda kujitokeza kila mahali palipobaki damu. Kwa hiyo mkanda huo haukuambii kwamba fosfataze ipo, wala haukuambii kwamba haipo. Jeli kwenye dondoo ghafi hukuonyesha wakubwa wa sokoni tu.

Hofu ya mwenzako kuhusu protiaze haikutoka hewani, nami namheshimu kwa hilo. Kuna tishu ambamo protiaze ndiye adui namba moja. Kongosho ndiyo mfano maarufu. Frederick Banting na Charles Best walipoanza kazi ya insulini mjini Toronto mwaka 1921, wasiwasi wa Banting tangu mwanzo ulikuwa kwamba vimeng'enya vya usagaji vya kongosho vinaiharibu insulini wakati wa kuitoa. Aliyelifikisha dondoo kwenye usafi wa kuchomwa mtu bila madhara makubwa alikuwa mwanakemia James Collip, kwa kucheza na kiwango cha alkoholi: insulini ilibaki kwenye myeyusho wakati uchafu mwingi ukitua, kisha alipopandisha alkoholi zaidi insulini yenyewe ikatua. Mbinu hiyo iliwezekana kwa kuwa insulini ni molekuli ndogo na ngumu inayostahimili asidi na alkoholi, mazingira ambayo tripsini haiwezi kufanya kazi.

Sasa geuza upande wa pili. Fosfataze ya utumbo huishi kwenye uso wa seli, ikiwa imeelekea ndani ya utumbo, ikiogeshwa na tripsini na kimotripsini mchana na usiku. Ingekuwa rahisi kukatwa isingedumu huko hata siku moja. Basi kitu kinachoua insulini hakiisumbui sana hii, na kitu ambacho insulini ingekivumilia, yaani asidi kali, hii kingeimaliza, maana zinki hudondoka pH ikishuka. Ndiyo maana mimi sipendi neno "protokoli ya kutoa protini" likitajwa peke yake, bila kusema ni protini gani.

Lakini usiniamini mimi, jaribu. Bado una kipande cha amoniamu salfeti kabla ya dayalisisi, au rojo lolote lenye utendaji unaoujua? Tengeneza mirija minne. Wa kwanza, tia mikrolita 50 za kipande hicho kizima na mikrolita 50 za Tris tupu. Wa pili, mikrolita 50 za kipande kizima na 50 za sampuli iliyotoka kwenye dayalisisi. Wa tatu, sampuli ya dayalisisi na Tris. Wa nne, kipande kizima na bafa ya dayalisisi yenyewe, ile ya kwenye bika, isiyo na protini yoyote. Acha yote kwenye barafu saa moja au mbili, kisha pima. Mrija wa pili ukiwa sawa na jumla ya wa kwanza na wa tatu, sampuli yako haina kizuizi chochote, imekufa tu. Wa pili na wa nne wakishuka pamoja, mhalifu yumo kwenye bafa. Wa pili akishuka peke yake na wa nne akabaki mzima, hapo nitamwomba mwenzako radhi, kwa sababu kitu kilicho ndani ya sampuli yenyewe ndicho kinachoua. Jaribio hili halina gharama na limenipunguzia mabishano mengi maabara.

Kuhusu kipimo chenyewe, nachukulia unatumia paranitrofenili fosfati na unasoma rangi ya njano kwenye nanomita 405. Hakikisha bafa ya kupimia ina magnesiamu, nusu milimola hadi milimola moja, na pH yake ni karibu 9.8, wengi hutumia daiethanolamini. Hakikisha pia joto ni lilelile siku zote. Namba ya juzi ya digrii 37 na ya leo ya digrii 25 hazilinganishiki hata kidogo.

Tumemaliza? Hapana. Dayalisisi imekula yuniti 1,660, na hiyo ndiyo iliyokutoa machozi. Lakini msiba mkubwa ulitokea mapema, nawe hukuulizia. Tazama tena mstari wa pili: yuniti 9,600 zimekuwa 2,100. Zilizopotea ni 7,500, karibu asilimia 78, kabla hata hujagusa amoniamu salfeti. Na linaloniambia zimekwenda wapi ni hili: utendaji kwa miligramu umeshuka kutoka 3 hadi 1.5. Unapotoa takataka kwa sentrifuji, kimeng'enya kilichoyeyuka kwenye maji hubaki juu huku uchafu ukienda chini, kwa hiyo utendaji kwa miligramu hupanda. Ukishuka, maana yake kimeng'enya ndicho kilichokwenda chini na uchafu ndio uliobaki juu.

Fosfataze hii haiogelei kwenye maji ya seli. Imefungwa kwenye utando wa seli kwa nanga ya mafuta, aina ya nanga inayoitwa GPI: protini yote iko nje, na mkia wake umeunganishwa na sukari na fosfolipidi iliyozama kwenye utando. Ukisaga, unavunja utando vipandevipande lakini hung'oi nanga. Vipande hivyo vina uzito wa kutosha kutua kwa kasi uliyotumia. (Kasi ipi hasa? Mizunguko 12,000 haisemi kitu mpaka useme nusu kipenyo cha rota. Kwa rota ya sentimita 7 hiyo ni takriban g 11,300, yaani mara 11,300 ya mvutano wa dunia. Kwa ya sentimita 10 ni kama g 16,100. Andika g kwenye daftari, si mizunguko, ili atakayerudia kazi yako kwa mashine nyingine asipotee.)

Nilipoanza kazi hii mimi nilimwaga mashapo ya siku tatu mfululizo kwenye ndoo ya taka, nikiamini kuwa "dondoo" ni kile cha juu. Aliyenisimamia hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nimepima ndoo.

Kuing'oa nanga kuna njia tatu, na chaguo linategemea unakwenda wapi. Ya kwanza ni sabuni laini kama Triton X-100, asilimia 0.5 hadi 1. Ni rahisi na inatoa kingi, ila protini inatoka ikiwa bado na mkia wake wa mafuta ndani ya povu dogo la sabuni, na sabuni hiyo itakufuata. Triton hufyonza mwanga wa nanomita 280, huvuruga kipimo cha Bradford, na haitoki kirahisi kwa dayalisisi. Wewe unataka kuunganisha na kingamwili, kwa hiyo nisingekushauri. Ya pili ni kimeng'enya cha bakteria, fosfolipaze C inayokata fosfatidilinositoli, ambayo hukata nanga palepale na kuiachia protini safi. Ni nzuri mno, ni ghali mno. Ya tatu ni ya kizamani na ndiyo ninayoipenda kwa tishu hii: butanoli.

Unasaga tishu kwenye Tris ya baridi, unatia butanoli iliyopozwa polepole huku ukikoroga, kiasi cha theluthi moja ya ujazo wa rojo, na unaendelea kukoroga taratibu nusu saa hadi saa moja. Polepole, nasisitiza, ukiimwaga kwa mkupuo unapata madonge. Butanoli huvuruga mafuta ya utando, na fosfataze, tofauti na protini nyingi, haijali kukaa nayo. Ukizungusha kwenye sentrifuji utaona tabaka tatu: juu butanoli yenye mafuta, katikati ngozi ya protini zilizoharibika, chini maji yenye kimeng'enya chako. Chomeka pipeti ndefu hadi chini, ukiwa umeziba kwa kidole, unyonye maji bila kugusa ngozi. Kazi hii ifanyike kwenye kabati la kuvuta hewa na mbali na moto, maana mvuke wa butanoli unaumiza kichwa na unawaka. Faida ya ziada ni kwamba protiaze na protini nyingine nyingi hufia kwenye ngozi ile ya katikati, kwa hiyo unasafisha huku unatoa.

Kabla ya kusaga, suuza utumbo ndani kwa chumvi ya kisaiolojia ya baridi mpaka maji yatoke meupe. Hapo unaondoa juisi ya kongosho na nyongo, na ile albumini ya damu itapungua. Kwangua kwa ukingo wa kioo cha slaidi juu ya trei ya barafu. Saga kwa vipindi vya sekunde 20 au 30 na kupumzika kati yake, na ukiona povu, punguza kasi. Povu si dalili ya kusaga vizuri. Protini inayokaa kwenye uso kati ya hewa na maji hukunjuka na kuharibika. Kama unataka kizuizi cha protiaze kwa amani ya moyo, tumia PMSF peke yake. Iyeyushe kwenye isopropanoli, itie dakika ya mwisho, kwa sababu kwenye maji ya pH 7.5 na joto la chumba nusu yake huharibika ndani ya saa moja hivi. Ni sumu, vaa glavu. Na usitie DTT wala merkaptoethanoli. Thioli nazo hushika zinki.

Amoniamu salfeti yako haikukukosea, asilimia 81 ya utendaji iliokoka. Neno moja tu: hakikisha jedwali ulilotumia ni la joto ulilofanyia kazi. Kufika asilimia 40 kutoka sifuri kunahitaji gramu 226 kwa lita kwenye digrii 0, na gramu 243 kwenye digrii 25. Watu hufanya kazi kwenye barafu wakisoma jedwali la chumba, kisha wanashangaa vipande vyao havilingani na vya wenzao.

Dayalisisi ya safari ijayo iwe kwenye Tris milimola 10, pH 8.0, yenye magnesiamu kloridi milimola 1 na zinki kloridi milimola 0.1. Usizidishe zinki ukidhani ni vitamini. Ikizidi huingia kwenye kiti cha magnesiamu na kukaa humo, na utendaji unashuka tena. Pima pH ya Tris ikiwa kwenye baridi ileile utakayoitumia, kwa sababu hupanda karibu 0.03 kwa kila digrii inayopungua: iliyokuwa 8.0 kwenye digrii 25 inakuwa kama 8.6 kwenye digrii 4. Kwa fosfataze si balaa, lakini ukienda kwenye safu ya DEAE, inayotenganisha protini kwa chaji na ambayo ndiyo hatua yako inayofuata, tofauti hiyo inabadilisha nani anashika na nani anapita.

Hifadhi: usiigandishe kabisa. Changanya na gliseroli nusu kwa nusu kwenye bafa hiyo ya Tris, zinki na magnesiamu, uiweke kwenye digrii 20 chini ya sifuri, ambako itabaki kimiminika. Na hiyo tabia ya kugandisha kila kitu kwenye PBS uitafakari upya hata kwa protini nyingine. Fosfati ya sodiamu inapoganda, moja ya chumvi zake mbili hujitenga na kuwa fuwele kwanza, na pH ya maji machache yaliyobaki huweza kuporomoka hadi karibu 4. Protini yako inakuwa imeogeshwa asidi ndani ya friza bila wewe kujua.

Ukishapata kitu chenye nguvu, thibitisha kwamba ni fosfataze ya utumbo kweli. L-fenilalanini huizuia hii ya utumbo, lakini ya ini na mifupa haiijali sana. Levamisoli hufanya kinyume chake. Mirija miwili tu, dakika kumi. Na hakikisha kibali cha kutumia tishu hiyo kinataja utumbo kwa jina, kwa kuwa katika nchi nyingi sehemu za utumbo wa ng'ombe zimo kwenye orodha za tahadhari ya prioni, protini zinazoleta ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe.

Ile sampuli ya yuniti 40 usiimwage bado. Ifanyie dayalisisi kwenye Tris tupu kwanza, ukibadilisha bafa mara mbili au tatu, ndipo uipeleke kwenye ile yenye metali. Ukiruka hatua hiyo zinki itakutana na fosfati na utapata wingu jeupe la kunata. Sitegemei irudi yote.

Ila nina matumaini zaidi na yale mashapo uliyoyasukumia kwenye friza. Chukua gramu moja, iyeyushe kwenye Tris ya baridi yenye magnesiamu, isage tena, usizungushe kwenye sentrifuji, pima rojo lenyewe lilivyo, kisha zidisha kwa uzito wa mashapo yote. Yuniti zako 7,500 zikiwa humo, au hata 5,000, huna haja ya kutafuta ndama mwingine wiki hii. Anza na butanoli.